Kidonda Kidogo cha Fundi Dizeli

Akina mama wenzetu, wengi wetu tuna mume au kijana gereji. Kazi yake tunaijua kwa ovaroli tunayoifua Jumamosi, basi. Sisi wauguzi tungependa mjue zaidi.

Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel alifaulu kuiendesha mwaka 1897, haina plagi za kuwashia moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ipate joto la kuwasha mafuta yanayopulizwa na nozeli. Hivyo fundi hana cheche ya kukagua. Husikiliza mlio, hutazama moshi. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa, pengine filta ya hewa imeziba. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe ni mafuta yasiyoungua vizuri, au maji yameingia ndani. (Nasi huanza na macho na ulimi wa mgonjwa!) Awe msafi pia, maana vumbi kidogo tu huharibu nozeli. Nguvu si jambo la kwanza, vyuma vizito vina winchi. Hata binti zetu wanaiweza kazi hii.

Lakini nozeli hiyo hiyo hupuliza mafuta kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Baba mmoja wa kanisani kwetu alikuwa akipima nozeli, akahisi kitu kimemchoma kidoleni. Damu haikutoka. "Mama watoto, ni kama mwiba tu," alisema alipofika nyumbani. Mkewe akamkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Usiku kucha hakulala. Asubuhi mkono umevimba, kidole kimepauka. Madaktari walipasua na kusafisha, lakini kidole hakikupona, kikakatwa.

Dizeli ikiingia hivyo huua nyama kwa ndani, na kila saa ina thamani. Usikande, usikamue, usisubiri maumivu. Mpeleke hospitali yenye daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, mkono ukiwa umeinuliwa, asile kitu njiani, na mseme wazi: "Dizeli imeingia kwa nguvu ya pampu." Msipotamka hivyo, huenda akafungwa bandeji na kurudishwa nyumbani.

Yule baba alirudi gereji. Wanagenzi wake huwafundisha kutafuta bomba linalovuja kwa kipande cha boksi, wala si kwa kiganja.