Mafuta Yaliyo Ndani ya Taka: Ya Sabuni, Si ya Kupikia

MTANGAZAJI: Mafuta ya mgao ni maangavu na hayana harufu. Mawese uliyoyazoea nyumbani, Fizi au Rumonge, ni mekundu na yananukia. Mafuta huwa maangavu kwa kusafishwa kiwandani, na kazi hiyo huacha taka. Leo tuzungumzie taka hizo, kwa sababu ndani yake bado mna mafuta.

Mafuta ghafi, kama ya alizeti au ya pamba, yana asidi inayoyaharibu upesi. Kiwanda hutia maji ya kostiki soda. Soda hushikana na asidi, ikawa sabuni nzito inayozama chini pamoja na mafuta mazuri kiasi. Kisha hutiwa udongo maalumu unaonyonya rangi. Udongo huo ukitolewa, karibu robo ya uzito wake yaweza kuwa mafuta. Ukirundikwa, hupata joto wenyewe, hata kuwaka moto.

Ile sabuni nzito, viwanda huirudisha kuwa mafuta kwa asidi kali. Hilo usilijaribu nyumbani. Asidi huunguza ngozi na kupofusha macho.

Lakini mashapo ya mawese yaliyobaki chini ya dumu unaweza kuyatumia. Yatie sufuriani pamoja na maji ya kiasi kile kile. Chemsha kwa moto mdogo, kisha yaache yatulie usiku kucha. Asubuhi mafuta yamepanda juu. Yachote, uache maji na tope.

Mafuta hayo yanafaa kwa sabuni. Unapotayarisha soda, itie soda ndani ya maji. Kamwe usimwage maji juu ya soda, yatakurukia. Tumia ndoo ya plastiki ngumu, si sufuria ya alumini, kwa maana soda huila. Watoto wakae mbali.

Akina mama na akina baba, sikilizeni: mafuta yaliyotolewa katika taka si ya kula, hata yakichujwa yakang'aa. Ukikuta sokoni mafuta ya bei ya chini mno, yanuse kwanza. Yakinuka kama rangi ya kupaka nyumba, au yakiwasha koo, usimpikie mtoto. Mwambie na jirani ambaye hakutusikia leo.

Hadi kipindi kijacho, kwa heri.