JE, WAJUA? Kuishi na Saratani Iliyoenea bila Kukata Tamaa

Hapa Pemba, kuanzia Micheweni hadi Mkoani, wapo ndugu zetu wanaoishi na saratani iliyokwishaenea mwilini. Haya ni kwa ajili yao, na kwetu sisi tunaokwenda kuwakagua.

JE, WAJUA kwamba uchangamfu peke yake hauongezi umri? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani ya kichwa na shingo. Wenye furaha hawakuishi zaidi ya wenye huzuni. Basi mgonjwa akilia, asiambiwe anajimaliza mwenyewe.

JE, WAJUA kwamba tiba shufaa, yaani kutuliza maumivu, kichefuchefu na hofu, si ya mahututi pekee? Katika utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyoenea waligawanywa makundi mawili. Nusu ya waliopewa tiba hiyo mapema, pamoja na matibabu ya kawaida, walivuka miezi 11.6, ilhali nusu ya wenzao walivuka miezi 8.9. Na huzuni ya waliopewa tiba hiyo mapema ilikuwa ndogo zaidi.

JE, WAJUA kwamba Mwalimu Nyerere aligundulika na saratani ya damu mwaka 1998, na bado akaendelea kuwasuluhisha Warundi kule Arusha? Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

JE, WAJUA kwamba mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, hunyweka nyumbani? Dkt. Anne Merriman, aliyeanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, alieneza dawa ya maji inayotengenezwa kwa unga wa mofini, maji na kihifadhi. Bei yake ni nafuu, na rangi hutofautisha nguvu ya dozi.

JE, WAJUA kwamba mofini hiyo hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, kabla maumivu hayajarudi? Mgonjwa asingojee mpaka alie kwa maumivu. Kwa kuwa hufunga choo, huambatana na dawa ya kulainisha choo.

JE, WAJUA kwamba maumivu ya mifupa iliyoingiwa na saratani mara nyingi hupungua kwa dozi moja tu ya mionzi? Mgonjwa wa Pemba anayevuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, amuulize daktari kama dozi moja itamtosha.

JE, WAJUA kwamba kipepeo cha ukindu ni msaada wa kweli? Jaribio la Cambridge lililochapishwa mwaka 2010 lilionyesha kuwa upepo wa feni ndogo ya mkononi, ukielekezwa puani na midomoni, hupunguza kubanwa na pumzi. Mpepee taratibu, dirisha likiwa wazi.

JE, WAJUA kwamba mafuta ya makonyo ya karafuu yanayotengenezwa Wawi, Pemba, yana kemikali inayotia ganzi jino linalouma, lakini hayaponyi saratani? Usiache dawa za hospitali kwa ajili yake.

JE, WAJUA kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona halazimishwi kufunga Ramadhani? Hutoa fidia kwa kulisha maskini, naye akanywa dawa yake kwa wakati.

JE, WAJUA kwamba duniani, kati ya kila watu 100 wanaohitaji tiba shufaa, ni 14 hivi tu wanaoipata? Ukimpeleka mgonjwa wako hospitali ya Chake Chake, Wete au Mkoani, usiishie kuuliza kama atapona. Uliza pia: “Daktari, maumivu haya tutayatuliza vipi?” Maumivu yakitulia akalala usingizi wa kutosha, huenda nguvu za kuzungumza na wanawe zikarudi, na tumaini lake litapata pa kusimama.