Umeme unapokwama ndani ya utando mwembamba

WAVUVI wa Homa Bay wanaifahamu vyema adha ya magugumaji. Tangu miaka ya 1990 mimea hiyo imekuwa ikifunika Ghuba ya Winam mara kwa mara, na mashua hukwama ingawa injini ni nzima. Mkasa unaofanana na huo huzipata elektroni, chembe zinazobeba umeme, ndani ya utando mwembamba mno wa metali.

Katika kaunti jirani ya Migori, wakazi wamezoea dhahabu, na mgodi wa Macalder ulitoa shaba hadi miaka ya 1960. Metali hizo hupitisha umeme vizuri, lakini sehemu ya nishati hupotea njiani kwa njia ya joto. Mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes wa Uholanzi aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, upotevu huo hutoweka kabisa. Metali ya namna hiyo huitwa supakondakta. Ajabu ni kuwa dhahabu na shaba tupu hazijawahi kuonyesha sifa hiyo.

Mwaka 1957 wanasayansi Bardeen, Cooper na Schrieffer wa Marekani walieleza sababu: elektroni hufungana mbili mbili. Elektroni moja moja haziwezi kushiriki hali moja, ila jozi huweza, kama zifanyavyo chembe ziitwazo bosoni. Hivyo jozi zote husafiri kwa msafara mmoja usiozuilika.

Mwaka uliofuata, Philip Anderson alionyesha kinyume chake: palipo na vurugu katika mpangilio wa atomi, elektroni huweza kunaswa mahali pamoja.

Mvutano huo ulidhihirika mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Utando wa bismathi wenye unene usiofikia takriban nanometa 0.7, yaani atomi chache tu, ulizuia umeme kila ulipozidi kupozwa. Ulipoongezwa unene kidogo, ukawa supakondakta.

Je, katika utando unaozuia umeme jozi huvunjika, au hukwama zikiwa bado zimeshikana? Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walitengeneza utando wa bismathi wenye matundu mfano wa sega la nyuki. Walipoongeza nguvu ya sumaku, ukinzani ulipanda na kushuka kwa mapigo yanayolingana na chaji ya elektroni mbili. Jozi zilikuwamo, zimekwama. Katika metali nyingine, hata hivyo, huvunjika.

Tofauti hiyo ina uzito kwa watengenezaji wa vifaa vinavyohesabu chembe za mwanga, ambavyo huhitaji utando mwembamba wa supakondakta. Wakiupunguza kupita kiasi, sifa yenyewe hupotea, nao sharti wajue imepotea kwa njia ipi. Mashua iliyokwama na iliyozama zote hazifiki gatini, lakini tiba yake si moja.