Wiki ya mstaafu: uongo tunaosimuliana na ukweli kidogo

Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na wengi hulazimika kustaafu wakifika 60. Kesho yake mtaa mzima unaamini kwamba mtu huyu hana la kufanya. Imani hiyo ina wenzake kadhaa. Tuwapime.

"Mstaafu ana nafasi."

Uongo, na ndio unaozaa uongo mwingine wote. Hiyo nafasi imeshagawanywa na watu wengine kabla hajaamka. Binti yuko kazini, basi babu ampeleke mjukuu kliniki. Jirani amefiwa: nani ashike daftari la rambirambi na kushinda msibani wakati wengine wako maofisini? Kamati ya harusi inatafuta mwenyekiti asiyetiliwa shaka. Kikoba nacho kinamtaka awe mweka hazina, maana alikuwa karani wa mishahara na mahesabu anayajua. Kazi yenyewe si ya kupitisha muda. Hisa zinanunuliwa mbele ya wanachama wote, mfuko wa jamii unahesabiwa peke yake, marejesho ya mikopo yanaandikwa, kisha sanduku linafungwa kwa kufuli tatu ambazo funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti. Mwenye ufunguo akichelewa, wote wanamngoja. Mstaafu hachelewi, kwa hiyo kungoja ndiyo kazi yake ya kwanza.

Wastaafu wengine huchaguliwa kwenye baraza la kata, lenye wajumbe wanne hadi wanane, watatu kati yao wakiwa wanawake kwa mujibu wa sheria. Mwaka 2021 baraza hilo liliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, likabaki na siku 30 za kusuluhisha. Usidhani mzigo umepungua. Anayehukumu hutamka akaondoka. Msuluhishi anabaki na ndugu wawili wanaobishania mpaka hadi giza linaingia.

Ofisini kulikuwa na saa ya kufunga. Mtaani haipo, na wastaafu ninaowaona wana raha ni wale waliojitungia ya kwao: ikifika saa kumi jioni, simu ya mchango haipokelewi, hata ikiwa ya shemeji.

"Mafao yakiingia, fungua mradi siku hiyo hiyo."

Hapa ushauri ni mwingi kuliko fedha. Kikokotoo cha mafao kilichoanza kutumika Julai 2022 kiliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33 ya mafao, na baadaye kiwango hicho kikapandishwa, lakini sehemu kubwa bado inalipwa kama pensheni ya kila mwezi. Mkupuo ndio unaosikika mtaani. Ndipo wanapokuja wajomba na bodaboda za mkataba, na rafiki wa zamani mwenye mpango wa kuku wa mayai. Mpango wa kuku huwa mzuri sana kwenye karatasi. Kinachosahaulika kwenye karatasi ni kwamba kifaranga atakula chakula cha dukani kwa takriban wiki 20 kabla ya kutaga yai la kwanza, na katika wiki hizo kuna chanjo, kuna mdondo, na kuna kijana wa banda anayetaka mshahara wake. Aliyekuwa akifuga tangu yuko kazini atafanikiwa. Anayejifunzia kwenye mafao yake analipa ada ya shule akiwa mzee.

"Mzee apumzike, akitembea sana anamaliza magoti."

Si kweli. Hata mwenye maumivu ya yabisi ya magoti hushauriwa na wataalamu aendelee na mazoezi yanayomfaa, kwa sababu misuli ya paja ikilegea goti ndilo linalobeba mzigo wote. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku tatu au zaidi wafanye mazoezi ya kujenga uwiano wa mwili ili wasianguke. Palizi na kufagia uwanja vimo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo bibi wa Lushoto anayepanda na kushuka mlima kwenda shambani hana haja ya kununua raba. Wa mjini, aliyezoea kupakiwa hadi mlangoni, ndiye wa kufikiriwa.

"Wazee hawahitaji usingizi mwingi."

Uongo. Wanahitaji saa saba hadi nane kama watu wazima wengine. Ni usingizi wenyewe unaokatikakatika.

"Wazee hawasikii kiu kama vijana."

Hii ni kweli, ajabu yake. Hisia ya kiu hufifia umri ukipanda, ndiyo maana mzee anaweza kukaa msibani mchana kutwa bila maji na akaona yuko sawa. Mpelekeeni kikombe bila kumuuliza.

"Mstaafu ni lazima asafiri kuthibitisha kwamba yu hai."

Ilikuwa hivyo. Siku hizi mstaafu wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, anaweza kujihakiki kwa simu janja, akatazama kamera na yakaisha. Ila wapo wanaopiga pasi shati na kupanda basi kwenda ofisini vilevile, kwa kuwa kwenye foleni ile wanakutana na watu waliofanya nao kazi, na mjukuu hawezi kuwafuata huko.