Simu huvusha sauti, mkono haivushi

MUNUNGA, Zambia – Mfanyabiashara wa Mununga humwona mteja aliyeko Pweto, upande wa Kongo wa Ziwa Mweru, kwa simu ya video. Uso anauona, sauti anaisikia. Kumshika mkono hawezi.

Kampuni kubwa zinatafuta njia ya kuziba pengo hilo. Mwaka 2014 Facebook ilinunua kampuni ya Oculus, iliyokuwa ikitengeneza miwani ya uhalisia pepe, kwa dola bilioni 2. Novemba 2021, ikiwa tayari inaitwa Meta, ilionyesha glavu za majaribio zenye vifuko vya hewa vinavyobonyeza vidole, ili anayezivaa ahisi ameshika kitu.

Lakini ngozi haidanganyiki kirahisi. Mwaka huohuo David Julius na Ardem Patapoutian walipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua vipokezi vya joto na mguso mwilini. Kiganja hupokea joto, baridi, mgandamizo na mtetemo kwa pamoja.

Mnunuzi wa chisense, dagaa wa Mweru, analijua hilo. Huwachota na kuwafinya kabla ya kulipa, kwani wasiokauka huoza njiani, na picha haitamwambia.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Mzazi aliyevuka ziwa hutuma pesa na kuongea na wanawe kwa video, lakini mtoto anayelia hunyamazishwa kwa kubebwa. Anayepanga safari ya mzigo apange na ya kurudi.