Rubani Kwenda Ghuba, Ahali Kubaki Busia: Nini Kiwekwe Mizanini?



Wasomaji wetu watukufu, sisi watu wa Pwani kuagana ni ada tuliyorithi. Mabaharia wa Lamu na Mombasa walitweka tanga kwa kusi kuelekea Arabuni na Ghuba, wakarejea kwa kaskazi. Mke aliyebaki nyuma hakuwa na barua wala simu, lakini alizijua pepo. Zilipogeuka alijua kuwa mumewe, Mungu akipenda, yu njiani.

Juma hili tunaandika kutoka mbali na bahari. Tulikuwa Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kuwazuru jamaa wa asili ya Pwani waliolowea huko. Katika baraza moja baada ya sala ya alasiri tuliletewa shauri ambalo tunaamini si la nyumba ile peke yake. Kijana wa hapo, rubani mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, amepata barua ya kazi kutoka shirika moja la ndege la Ghuba. Mshahara ni mara kadhaa ya anaoupata sasa. Mkewe ni mwalimu Busia, wana watoto wawili, na mama mzazi wa kijana ni mgonjwa wa sukari anayetunzwa na mkwewe huyo. Azma ya kijana ni kwenda peke yake, ahali wabaki.

Wazee waliokuwapo wengi walisema, “Riziki imebisha hodi, mfungulie.” Mke alipoulizwa, alijibu kwa adabu, “Mimi simkatazi, sheikh. Ninachotaka ni kujua atarudi lini.”

Kijana alikuwa na takwimu zote za mshahara. Swali hilo hakuwa na jibu lake.

Pwani na mpaka huu wana historia ndefu ya waume wa safari. Mwishoni mwa karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara kutoka Pwani ilipumzika kwa Nabongo Mumia wa Wanga, mwendo si mrefu kutoka Busia, kabla ya kuvuka kwenda Buganda. Mji wa Mumias una jina lake hadi leo, na Uislamu ulishika mizizi pale. Kisha ikaja reli, ikapita Malaba na Tororo na kufika Kampala mwaka 1931. Leo ni malori. Dereva hupakia bandarini Mombasa, hukata zaidi ya kilomita 900 hadi Malaba, na hapo ndipo safari ya wengi inapoanza upya: Kampala, Kigali, Juba, hadi mashariki ya Kongo.

Miongoni mwa waliokaa barazani alikuwa mzee mmoja aliyeendesha lori kwa miaka ishirini na sita, mke na watoto wake wakiwa Mombasa. Alimgeukia kijana akamwambia, “Mwanangu, masafa hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni foleni. Masafa unamwambia mama watoto: siku nne nitafika, siku nne nitarudi. Foleni utamwambia nini?”

Waliokuwapo walimwelewa mara moja, maana wanaijua foleni ya Malaba. Mwaka 2020, madereva walipoanza kupimwa corona mpakani, malori yalipangana kwa makumi ya kilomita, na watu wakalala chini ya matela siku baada ya siku. Katika hali ya kawaida mambo ni mepesi zaidi siku hizi. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, kimewezesha msafiri na mzigo kukaguliwa mara moja tu, katika upande wa nchi anayoingia. Lakini mzee alikuwa akisema jambo lililo pana kuliko foleni ya malori. Alisema kwamba nyumba hustahimili umbali, wala haistahimili kutojua.

Hekima hiyo ina asili katika dini yetu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amuwie radhi, akizunguka usiku Madina, alimsikia mwanamke akilalamikia upweke, mumewe akiwa vitani. Hakumkemea. Alikwenda kumuuliza binti yake, Bibi Hafsa, mke hustahimili muda gani bila mumewe, kisha akaweka kikomo cha askari kukaa mbali na wake zao. Riwaya nyingine zataja miezi minne na nyingine miezi sita. Na katika Suratul Baqara, aya ya 226, mume aliyeapa kutomkaribia mkewe amepewa muda wa miezi minne tu. Wanazuoni wamejadiliana kwa urefu juu ya mipaka ya hukumu hizi na nyudhuru za msafiri, na mwenye kesi yake aende kwa mwanachuoni wake. Lakini mafunzo yako wazi kwa kila mtu: kutokuwapo kwa mume kuna kipimo, na anayeulizwa juu ya kipimo hicho ni mke. Umar, pamoja na ukubwa wa cheo chake, hakukikisia mwenyewe.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, kwani wengi huiona kwa juu kama wanavyoiona ndege.

Rubani wa ndege za abiria hafanyi kazi kila siku. Sheria za Ulaya, kwa mfano, humwekea kikomo cha saa 900 za kuruka kwa mwaka, na nchi nyingine zina vikomo vinavyokaribiana na hicho. Ratiba yake hutolewa kwa mwezi, na kutoka Dubai hadi Nairobi ni takriban saa tano angani. Kwa hesabu hiyo, rubani aliye Ghuba aweza kufika Kisumu, na kutoka hapo Busia kwa gari, kabla lori lililotoka Mombasa siku ile ile halijafika Malaba. Faraja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, kuweza kufika si sawa na kuruhusiwa kuondoka. Siku za mapumziko baina ya safari ni za kupumzika hasa, kwa usalama wa abiria, na likizo hupangwa na mwajiri. Sikukuu za Idi na likizo za shule ndizo nyakati ambazo abiria ni wengi na marubani huhitajiwa zaidi.

Tena kazi hii imening'inia kwenye uzi ambao wenye kazi za mezani hawaujui. Rubani hupimwa afya angalau mara moja kwa mwaka, na hujaribiwa ujuzi wake mara mbili kwa mwaka, agh'labu katika mashine ya ardhini inayoigiza ndege. Akikosa cheti cha afya, haruki. Huko Ghuba kibali cha kuishi hufungamana na ajira, kwa hiyo anayepoteza kazi hupewa muda mfupi tu wa kupata nyingine au kuondoka. Wala tusisahau mwaka 2020. Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa mwezi Machi hadi tarehe 1 Agosti, na mashirika makubwa ya Ghuba, ambayo watu waliyaona kama milima isiyotikisika, yakapunguza marubani kwa mamia.

Na mshahara? Ni kweli kwamba Imarati na Qatar hazikati kodi ya mapato kwenye mishahara, ilhali Kenya kiwango cha juu ni asilimia 35. Ni kweli pia kwamba sheria ya kazi ya Imarati humpa mfanyakazi kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Lakini mwenye makazi ya kudumu Kenya, anayerudi kwake kila mwaka, aweza kuhesabiwa na sheria ya Kenya kuwa mkaazi wa kodi, na mapato yake ya nje yakaingia hesabuni. Amuulize mhasibu kabla ya kuondoka. Naye asijenge ghorofa kwa mkopo juu ya mshahara ambao bado hajaupokea.

Kwa hayo, tulimwambia kijana, na twawaambia wasomaji wetu wenye shauri kama lake, wapime mambo manne.

Kwanza, je, ni lazima ahali wabaki? Baadhi ya mashirika ya Ghuba humpa rubani nyumba ya familia na msaada wa ada za shule. Kijana huyu alikuwa amekata shauri la kwenda peke yake kabla ya kuuliza. Aulize. Ikiwa kinachomzuia mke ni mama mgonjwa, basi ndugu wengine wa kijana nao wana mama. Kumtunza mama ni wajibu wa watoto wake wote, na mkwe anayeubeba wajibu huo anafanya ihsani ya kushukuriwa, wala si deni lake.

Pili, muda. Uwekwe kwa miezi, uandikwe, na mke awe ndiye wa kwanza kuusema. Isiwe “tutaona”. Iwe: kila baada ya wiki kadhaa narudi, na baada ya mwaka mmoja au miwili tunakaa tena tukiwa huru kuamua upya. Ratiba isiporuhusu ahadi hiyo, mkataba ule haufai kwa nyumba hii, hata kama unafaa kwa nyumba nyingine.

Tatu, masurufu na madaraka. Pesa za nyumba ziende mkononi mwa mke moja kwa moja, zisipitie kwa kaka wala kwa shemeji. Na mke awe na idhini ya kuamua: shule, hospitali, paa linalovuja. Tumeona nyumba ambazo mume yu mbali, fedha anazo mdogo wake, na mke huomba unga kama mgeni. Haki zake hazisafiri na mume. Mahakama za Kadhi, zinazotambuliwa na Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010, zina mamlaka juu ya masuala ya ndoa baina ya Waislamu, na mke aliyetelekezwa aweza kufika huko.

Nne, njia ya nyumbani ipimwe kwa haki. Kuruka ndani ya nchi, kama wafanyavyo marubani wa Jambojet tangu 2014, au wa ndege ndogo za Wilson, hakuleti mali ya Ghuba. Lakini humpa mtu nyusiku nyingi za kulala kwake. Nyusiku hizo nazo zina thamani, ingawa hakuna anayeziandika kwenye barua ya ajira.

Kijana alinyamaza kwa muda, kisha akamuuliza mkewe mbele yetu, “Wewe wasemaje, miezi mingapi?” Mkewe akajibu, “Miwili, isizidi. Na mwaka ukiisha tuzungumze.” Alimwandikia mwajiri siku ile ile, akauliza juu ya likizo na nyumba ya familia. Hadi tunaandika haya, jibu halijaja. Huenda akaenda, huenda akabaki, na lolote kati ya hayo halina aibu.

Hatumkatazi mtu kutafuta halali ng'ambo. Wazee wetu walikwenda, na misikiti mingi ya Pwani imejengwa kwa jasho la wasafiri. Twasema tu kwamba tarehe ya kurejea ni sehemu ya mkataba, nayo hutiwa saini nyumbani kabla ya saini ya mwajiri. Enyi vijana wenye barua mikononi, waulizeni wake zenu. Na enyi wazazi, msiwasukume wana wenu kwa hamu ya nyumba ya mawe, mkawaachia wakeze kuzihesabu siku zisizo na mwisho.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, wa baharini na wa angani, awarejeshe kwa ahali zao salama. Amin.