Maneno ya mkopo si doa katika Kiswahili

WAPO walimu wanaomkata mwanafunzi alama akiandika ‘kaunti’ badala ya ‘gatuzi’. Hoja yao ni kwamba Kiswahili safi hakina neno la mgeni. Hoja hiyo ina kasoro, na anayeumia ni mtoto.

Hebu tukitazame Kiingereza, lugha ambayo wengi wetu huistahi mno. Wanormani kutoka Ufaransa walipoitwaa Uingereza mwaka wa 1066, mabwana walizungumza Kifaransa, wachungaji wakabaki na Kiingereza chao. Ndiyo maana ng’ombe akiwa malishoni huitwa ‘cow’, lakini akifika mezani anageuka ‘beef’, neno lenye asili ya Kifaransa. Hata kiwakilishi ‘they’ kililetwa na Waskandinavia. Je, nani umemsikia akisema Kiingereza kimechafuka?

Kiswahili nacho kimepitia njia iyo hiyo. Wareno walifika Malindi mwaka wa 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mnamo 1593, na ngome hiyo ikawaponyoka mwaka wa 1698. Walituachia ‘meza’, ‘bendera’, ‘leso’ na ‘mvinyo’. ‘Gereza’ nalo lina kisa chake. Asili yake ni ‘igreja’, yaani kanisa. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, basi ngome nzima ikaitwa gereza. Ngome ilipotumiwa kufungia watu, maana ikahamia kwenye jela.

Biashara na Uislamu vilileta Kiarabu. Tazama tunavyohesabu: moja hadi tano, nane na kumi ni za Kibantu, sita, saba na tisa ni za Kiarabu. ‘Kenda’ ya Kibantu bado ipo, ila ‘tisa’ imeipiku. Kutoka Bara Hindi tulipata ‘gari’ na ‘laki’. ‘Shule’ ni ya Wajerumani, ambao hawakututawala, ukiondoa Witu waliyoishikilia kwa miaka michache hadi 1890. Neno lilivuka mpaka kutoka Tanganyika, huku Wazanzibari wakiendelea kusema ‘skuli’, la Kiingereza.

Pamoja na hayo yote, mkopo haukuvunja mifupa ya lugha. Mluhya husema ‘omundu’, ‘omwana’, ‘amatsi’. Mswahili husema ‘mtu’, ‘mwana’, ‘maji’. Undugu huo wa Kibantu haujafutika. Sarufi nayo humvisha mgeni vazi la mwenyeji. ‘Kitabu’ ni la Kiarabu, na ‘ki’ yake ni sehemu ya mzizi, si kiambishi. Sisi tuliichukua kama kiambishi cha ngeli, tukaunda wingi ‘vitabu’. Mwarabu hatautambua wingi huo!

Turudi kwenye ‘kaunti’. Neno hili na mwenzake ‘gatuzi’ yalipata nguvu baada ya Katiba ya 2010. ‘Gatuzi’ limeundwa vizuri kutokana na kitenzi ‘gatua’, nami nalipenda. Lakini ‘kaunti’ limo vinywani mwa watu na linatii upatanisho wetu: kaunti hii, kaunti zetu. Mwalimu, mfundishe mwanafunzi yote mawili, umweleze kila moja lilikotoka.

Ukilikata ‘kaunti’ kwa sababu ya ugeni wake, itakubidi ukate pia ‘shule’ anamosomea, ‘kalamu’ anayoandikia na ‘meza’ anayoegemea. Na hilo neno ‘sababu’ lenyewe ni la Kiarabu.